Jean Prouvé: fundi wa chuma aliyejenga nyumba kwa vipande, toka Nancy mpaka Brazzaville

Kila mkaaji wa Lubumbashi aliyejenga nyumba anajua mambo haya. Fundi mwashi anaacha tundu la mlango kwa kipimo chake. Fundi wa sudere, kando ya barabara katika komine ya Kenya ao ya Katuba, anakata chuma kwa kipimo alichoandikiwa juu ya kipande cha karatasi. Siku ya kupandisha mlango, sentimita mbili zinakosa ao zinazidi. Hapo nyundo inaingia, ukuta unavunjwa, saruji inachanganywa upya, na mwenye nyumba analipa mara ya pili.

Vijana wanaochora plani kwenye ordinatere wanasema wako na dawa ya ugonjwa huo. Katika programu za kuchora majengo kama vile ArchiCAD na Revit, mlango hauchorwi mstari kwa mstari. Unatengenezwa kama kipande chenye kanuni ndani yake. Tuseme tundu la ukuta ni sentimita 90. Kadre ya chuma inakula sentimita 4 kila upande, na nusu sentimita inaachwa kila upande ili mlango usikwame. Basi ubawa, maana yake sehemu ile inayofunguka, utakuwa na sentimita 81. Mwenye nyumba akibadilisha mawazo na kutaka tundu la mita moja, kijana anaandika 100 pahali pa 90, na ubawa unakuwa 91 wenyewe. Lakini kitasa hakinenepi, bawaba hazirefuki, na mkono wa mlango unabaki pale pale ulipokuwa toka chini. Kugumu katika kazi hiyo si kuandika tarakimu. Kugumu ni kujua nini kibadilike na nini kisibadilike.

Kuko mtu mmoja aliyefanya kazi kwa fikira hiyo kwa mikono yake, miaka mingi mbele ya ordinatere kuingia katika ofisi za maarshitekti. Jina lake ni Jean Prouvé. Hakuwa na diploma ya arshitekti wala ya injeniere, alijiita tu fundi wa chuma na mtu wa kiwanda. Nyumba zake mbili zilisimama karibu miaka 50 katika Brazzaville, ng'ambo ya mto, mbele ya Kinshasa.

Alizaliwa Paris tarehe 8 Aprili 1901, lakini alikomalia Nancy, mji wa mashariki ya Ufaransa, katika eneo la Lorraine. Watu wa Lorraine waliishi na machimbo ya chuma kama vile sisi tunavyoishi na machimbo ya shaba. Baba yake, Victor Prouvé, alikuwa mchoraji mwenye jina, mmoja wa viongozi wa kundi la wasanii wa Nancy waliotaka uzuri uingie katika vitu vya kila siku: meza, taa, vyombo vya vioo, milango. Jean alitaka kuwa injeniere. Vita vya 1914 na ukosefu wa pesa katika familia vilimkatia njia. Akiwa kijana mdogo alitumwa kujifunza kufua chuma kwa fundi Émile Robert, karibu na Paris, kisha kwa fundi mwingine, Szabo. Kwa hiyo alijua moto, nyundo na fuawe mbele ya kujua hesabu za majengo.

Mwaka wa 1924 alifungua atelie yake mwenyewe katika Nancy. Kazi za kwanza zilikuwa zile ambazo fundi wetu yeyote wa Lubumbashi angezitambua: milango ya uzio, vizuizi vya ngazi, vyuma vya madirisha. Kisha arshitekti Robert Mallet-Stevens, mtu mkubwa katika Paris ya wakati ule, akamkabidhi kazi ya mlango wa chuma wa nyumba moja ya tajiri, villa Reifenberg, uliomalizika mwaka wa 1927. Kwa kijana aliyetoka mkoani hiyo ilikuwa bahati kubwa.

Wakati huo huo aliacha polepole chuma kinene cha kufua, akaingia katika tole nyembamba. Alinunua mashine za sudere ya umeme, na nyuma yake mashine za kukunja tole. Hapa tusimame kidogo, maana ndipo kazi yake yote ilipozaliwa. Karatasi ukiisimamisha juu ya meza inaanguka. Ukiikunja mara moja katikati, inasimama. Tole ni vile vile: ikikunjwa vizuri inabeba uzito ambao tole iliyonyooka haiwezi, na inatumia chuma kidogo. Toka hapo Prouvé alitengeneza viti, vitanda, meza za shule, kuta za kuhamishika, na milango iliyokuwa tole mbili zilizokunjwa na kuacha uwazi katikati.

Mwaka wa 1931 atelie ilikuwa imekuwa kampuni, Ateliers Jean Prouvé. Katika Clichy, karibu na Paris, pamoja na maarshitekti Beaudouin na Lods na injeniere Bodiansky, alijenga kati ya 1935 na 1939 Nyumba ya Watu. Lilikuwa jengo ambalo sakafu yake, kuta zake za ndani na paa lake vilisogea: asubuhi lilikuwa soko, mangaribi ukumbi wa mikutano. Wenye kulitembelea walishangaa kwamba chuma chembamba vile kilibeba kazi nzito vile.

Atelie yake ilikuwa na desturi moja ambayo hakukubali kuiacha. Wachoraji walikaa karibu na mashine. Wazo lilichorwa upesi, kipande cha kwanza kilitengenezwa mara moja, kikajaribiwa, kikavunjwa, na mchoro ukasahihishwa kufuatana na kile chuma kilichosema. Kwake, mchoro ambao haujaguswa na mtu wa mashine ulikuwa karatasi tu.

Vita vya pili vya dunia vilipofika, chuma kilikosekana. Atelie ilitengeneza baiskeli, na jiko moja lililokubali kuwaka kwa kuni ao takataka yoyote. Prouvé aliingia katika kundi la watu waliopinga Wajerumani kwa siri, na mji ulipokombolewa mwezi wa Septemba 1944, aliwekwa kuwa meya wa Nancy. Alifanya kazi hiyo miezi michache tu, akarudi kwenye tole zake.

Lorraine ilikuwa imebomolewa na vita, na watu wengi walikuwa bila nyumba. Wizara ya ujenzi mpya ilimwomba nyumba za haraka. Prouvé alitoa nyumba ya mita 6 kwa 6, na nyingine ya mita 6 kwa 9. Katikati inasimama nguzo ya tole iliyokunjwa, yenye miguu miwili, inayobeba paa. Kando kando kuna kuta za mbao zilizogawanywa katika vipande vya mita moja moja. Na hapa ndipo mlango wetu unaporudi.

Katika nyumba hiyo mlango haukuwa tundu katika ukuta. Ulikuwa kipande cha ukuta. Kuko kipande kizima, kuko kipande chenye dirisha, kuko kipande chenye mlango, na vyote vitatu vina upana mmoja, unene mmoja, na vinashikana kwa namna moja. Familia ikitaka mlango upande wa mashariki pahali pa magharibi, hakuna kuvunja: inaondoa kipande hiki, inaweka kile. Watu wachache waliweza kuisimamisha nyumba nzima kwa siku moja, na kuishusha siku nyingine wakaipeleka pengine.

Mtu anayejua kutengeneza milango katika ordinatere atasema kwamba hii si kitu kimoja na kanuni zake yeye, na atakuwa na haki. Programu za leo zinashika aina ya mlango na kuacha kipimo kibadilike. Prouvé alifanya kinyume: alishika kipimo, ile mita moja, na kuacha aina ibadilike. Lakini kazi ya akili ni ile ile. Mbele ya kugusa chochote, unapaswa kuamua ni kitu gani kitaongoza vingine, na vingine vitafuata kwa kanuni gani. Atakayekosa hapo, mlango wake utaharibika mara tu mtu atakapobadilisha tarakimu ya kwanza.

Na kuko tofauti nyingine, yenye uzito zaidi kwa maoni yangu. Ordinatere haijui chuma. Ukiiambia itengeneze mlango wa mita 5 wenye kadre ya milimita 3, itautengeneza bila kulalamika, na picha itakuwa nzuri. Mita moja ya Prouvé haikutoka kichwani. Ilitoka kwenye upana wa tole iliyouzwa, kwenye nguvu ya mashine ya kukunja, na kwenye mikono ya watu wawili watakaobeba kipande hicho bila kuumia mgongo. Katika Lubumbashi tuna vijana wanaoshika programu vizuri sana, na tuna mafundi wa sudere wanaojua kwa macho tu kama tole iliyopita Kasumbalesa ni ya unene ule iliyoandikwa ao sivyo. Mara nyingi watu hao wawili wanaonana kwa mara ya kwanza siku ile mlango unapokataa kuingia.

Mwaka wa 1947 Prouvé alihamia katika kiwanda kikubwa huko Maxéville, kando ya Nancy. Ilikuwa ndoto yake: nyumba zitoke kiwandani kama vile motokari zinavyotoka. Serikali iliagiza nyumba chache, na 14 zilijengwa katika Meudon, karibu na Paris, lakini maagizo ya maelfu aliyoyangojea hayakuja. Ndipo macho yakageukia makoloni.

Jean na ndugu yake Henri, ambaye yeye alikuwa arshitekti, walichora nyumba ya inchi za joto, wakaiita Maison Tropicale. Ya kwanza ilisimamishwa Niamey mwaka wa 1949. Mbili zingine zilisimamishwa Brazzaville mwaka wa 1951, kwa ajili ya ofisi na makao ya mwakilishi wa Aluminium Français, kampuni iliyotaka kuuza alumini katika Afrika. Vipande vyake vilipimwa ili viweze kuingia ndani ya ndege ya mizigo, na vyepesi vya kutosha ili watu wavibebe kwa mikono.

Anayejua mwezi wa Oktoba katika Lubumbashi, mbele ya mvua, ataelewa mara moja namna nyumba hiyo ilivyofikiriwa. Paa ni mbili, moja juu ya nyingine, na upepo unapita katikati na kutoka juu na joto. Kuzunguka nyumba kuna baraza, na mbele ya baraza kuna tole za alumini zilizopangwa ili kurudisha jua. Ukuta wa ndani ni milango: paneli za alumini zinazosukumwa pembeni, zenye vidirisha vidogo vya duara, mfano wa madirisha ya meli, vilivyowekwa kioo cha buluu ili kupunguza ukali wa mwangaza. Ukisukuma paneli, nyumba inafunguka yote. Ukirudisha, inafungika. Ukuta na mlango vimekuwa kitu kimoja.

Tusidanganyane lakini juu ya nani alikusudiwa kukaa humo. Zilikuwa nyumba za wakubwa wa koloni, si za wakaaji wa Poto-Poto wala wa Bacongo. Na hata hao wakubwa hawakuzipenda: zilifanana na mashine, na bei yake haikuwa chini ya nyumba iliyojengwa pale pale. Zilijengwa tatu tu katika Afrika nzima. Fundi aliyekuwa na kanuni ya kutengeneza nyumba elfu alitengeneza tatu.

Hasara iliyomvunja moyo ilitoka kiwandani kwake mwenyewe. Ili kukuza Maxéville alihitaji pesa, na Aluminium Français iliingia na kupata usemi mkubwa katika kampuni. Wenye pesa walitaka mambo yapangwe kwa namna nyingine: wachoraji pahali pao, kiwanda pahali pake, na bidhaa chache zinazouzika. Ile desturi ya kuchora leo na kujaribu kesho kwenye mashine haikuwa na nafasi tena. Mwaka wa 1953 Prouvé alitoka. Alikuwa na miaka 52, na mashine alizozichagua moja moja, pamoja na watu aliowafundisha, vilibaki nyuma ya mlango ambao hakuwa tena na funguo yake.

Mwaka uliofuata alijenga nyumba ya familia yake juu ya kilima kikali katika Nancy, kwenye kiwanja ambacho wajenzi wengine wangekikataa. Aliijenga pamoja na watoto wake na marafiki, akitumia vipande vilivyobaki Maxéville: paneli za alumini zenye vidirisha vya duara, paneli za mbao, madirisha yaliyokosa mnunuzi. Ni nyumba ndefu na nyembamba, imeegemea mlima. Vipande vilivyotengenezwa kwa nyumba tofauti vilikubali kukaa pamoja, kwa sababu vyote vilikuwa na kipimo kimoja. Leo ni mali ya mji wa Nancy, na watu wanaitembelea.

Nyuma ya hapo aliishi miaka mingi kama mtu wa kushauri, akichora kwa ajili ya viwanda vya wengine. Mwaka wa 1956, nyuma ya kilio cha padri Abbé Pierre juu ya watu waliokufa kwa baridi barabarani, alitengeneza nyumba ya bei ndogo iliyosimamishwa kando ya mto Seine kwa saa chache. Watu walikuja kwa wingi kuitazama, lakini haikupata ruhusa ya serikali, na haikutengenezwa kwa wingi. Alishiriki katika kuta za vioo za jumba kubwa la CNIT, karibu na Paris. Na toka 1957 mpaka 1970 yeye asiyekuwa na diploma alisomesha katika chuo cha CNAM. Alichora kwa chaki ubaoni, kipande kwa kipande, namna kitu kinavyotengenezwa. Wanafunzi walijaa, na wengine walikuja bila hata kuandikishwa.

Mwaka wa 1971 aliongoza kamati ya kuchagua plani ya Centre Pompidou katika Paris. Plani 681 zililetwa. Kamati ilichagua ile ya vijana wawili ambao watu wengi hawakuwajua, Renzo Piano na Richard Rogers: jengo lenye mifupa ya chuma na mabomba nje. Paris nzima ilipiga kelele. Baadaye likawa moja ya majengo yaliyotembelewa zaidi katika mji ule.

Prouvé alikufa katika Nancy tarehe 23 Machi 1984, akiwa na miaka 82. Mwaka ule ule, katika Budapest, kampuni changa ya Graphisoft ilitoa programu iliyokuja kuitwa ArchiCAD, ambayo baadaye milango yake iliandikwa kwa kanuni. Revit ilifuata mwaka wa 2000 katika Marekani. Watu hao hawakuwa wanafunzi wake, na hakuna haja ya kumfanya nabii wa ordinatere. Yeye alitafuta tu namna ya kutochora kitu kimoja mara mbili.

Nyumba za Brazzaville zilikuwa bado zimesimama wakati huo, zimesahauliwa, watu wanakaa humo. Vita vya 1997 viliziachia matundu ya risasi. Karibu na mwaka wa 2000 mfanyabiashara mmoja Mfaransa wa vitu vya kale, Éric Touchaleaume, alizinunua, yeye na wenzake, pamoja na ile ya Niamey. Zilifunguliwa boriti kwa boriti, paneli kwa paneli, zikapakiwa ndani ya kontena na kurudishwa Ulaya. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu Prouvé aliziunda ili zifunguke. Moja ya Brazzaville iliishia katika mali ya Centre Pompidou. Nyingine ilisimamishwa New York, kando ya mto, na mwezi wa Juni 2007 ikauzwa kwa mnada wa Christie's kwa karibu dola milioni 5, kwa mwenye mahoteli André Balazs.

Mwaka ule ule msanii Ângela Ferreira, mzaliwa wa Maputo, alionyesha katika maonyesho ya Venice kazi aliyoifanya juu ya nyumba hizo. Alikuwa amesafiri mpaka Niamey na Brazzaville kupiga picha. Katika picha zake nyumba hazimo: kuna kiwanja, majani, na msingi uliobaki chini, pahali ambapo vipande vilikuwa vimefungwa.